Ametia ritifaa, ile alama ya ('), kwenye "its" yangu mbele ya walimu wote, tena kwa kalamu nyekundu!

Wanajukwaa, ninaandika huku mikono ikitetemeka. Yule bwana, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa sote tunamjua kwa tai yake na Kiingereza chake cha puani, leo asubuhi ameinyanyua taarifa yangu mbele ya walimu wote, akafungua kalamu nyekundu na kuitia ritifaa "its" yangu. Nilikuwa nimeandika "the school and its pupils", yaani shule na wanafunzi wake. "It's" ni ufupisho wa "it is", kwa hiyo sasa taarifa inasema shule na ni wanafunzi. Kalamu nyekundu, jamani, na mama wa maandazi amesimama mlangoni anatazama!

Nilipomweleza kwamba "hers", "ours", "yours" na "theirs" hazivai ritifaa hata siku ya Idi, akanijibu polepole, kama anayemwelekeza mtoto chooni, kwamba kila kinachomiliki huwekewa ritifaa. Basi na "his" tuiandike "hi's", tuimalize lugha ya watu! Kifuniko cha kalamu ile kililia "tak", na nina hakika Kigoma wamesikia.

Na huyo huyo ndiye aliyeagiza kibao cha mlangoni kinachosomeka "Teacher's Office", ilhali walimu tuko 23. Ritifaa ikitangulia "s", ofisi ni ya mwalimu mmoja. Ikiifuata "s" ya wingi, ni yetu sote. Huenda hapo hakukosea, alimaanisha yake.

Kinu_cha_Zamani: Pole, mkuu. Hata hivyo, katika karne ya 17 Waingereza wenyewe waliandika "it's" kwa maana ya kumiliki, kwa hiyo bwana huyo hajakosea, amechelewa tu.

BintiMkwezi: Walimu 23 mmetazama mwenzenu akichinjwa, kisha mkaendelea na maandazi?

Abiria_wa_Mwisho: Afadhali yenu. Hapa London ninapanda treni Earl's Court, penye ritifaa, na kituo kinachofuata ni Barons Court, pasipo na ritifaa. Kila asubuhi ninaudhika upya.

Mzazi_Mchovu: Mwanangu aliandika "children's" akakatwa alama, eti wingi huweka ritifaa mwishoni, wakati wingi usioishia kwa "s" huiweka kabla yake. Hilo ndilo la kutiwa kalamu nyekundu.

JamesWaPili: Mimi kwa jina hili, hadi leo sijui kama nyumba yangu ni "James's house" au "James' house".

Kinu_cha_Zamani: Zote mbili zinakubalika. Nyumba yenyewe unayo?

Mwenye uzi: Wanajukwaa, naomba turudi kwenye kalamu nyekundu.

BintiMkwezi: Subiri kwanza, mwalimu. James hajatuambia kama nyumba ni yake au ni ya mwenye nyumba.