Mrejesho: ule mlio wa cheni ya taimingi kwenye V8 ya zamani

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu V8 yangu (gari la injini ya silinda nane): ikiwashwa ya baridi inakwaruza mbele ya injini sekunde chache, kisha kimya. Wengine mlisema ni tapeti (vipande vinavyosukuma valvu), wengine cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti kutoka kwenye krenki. Ni cheni.

Kabla ya kufungua, fundi aliisoma kwa mashine. Kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za upande mmoja zilikuwa zimechelewa nyuzi kadhaa za mzunguko ukilinganisha na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na kodi ya hitilafu P0016, ya kamshafti na krenki kutolingana, ilishahifadhiwa japo taa ya injini haijawaka. Akashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini). Humo, kwenye matope ya oili, kulikuwa na vipande vya plastiki ya kahawia, vikavu, vinavunjika kwa kucha. Ndizo gaidi za cheni hizo (reli za plastiki zinazoiongoza), joto la miaka limezikausha.

Cheni yenyewe haikuwa imevutika kama mpira. Pini na bushi zake ndizo zimelika, kidogo kidogo kila kiungo, mpaka urefu ukazidi. Tensheni (kifaa kinachokaza cheni) inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo gari likilala oili inashuka, na asubuhi cheni inacheza mpaka presha ipande.

Nimebadilisha seti nzima: cheni, gaidi, tensheni, sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni), na bolti za kamshafti ambazo hazirudiwi. Kubadili tensheni peke yake, kama alivyoshauri mdau mmoja, kungeficha kelele tu. Na injini hii cheni ikiruka meno, valvu zinagonga pistoni.

Sasa inawaka kimya. Oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.