Kuvuta Suzuki Samurai toka Engare Sero (Ziwa Natron)

Wakuu klachi ya kisuzuki changu imekufa huku, nataka kukivuta na Land Cruiser kwa chuma cha kuvutia (towbar), matairi yote chini mpaka Mto wa Mbu, giaboksi haitaungua?

> Weka transfa (giaboksi ndogo ya 4WD) N, yaani nyutro, habu za mbele ziweke FREE zisishike ekseli, ufunguo usitoe maana usukani utajiloki. Mimi propela shafti ya nyuma huwa naitoa kabisa, ila piga alama ya rangi kwanza irudi ilivyokuwa.

> Chuma ndo mpango, tulishavuta kwa kamba vumbi likafunga kioo nikamgonga wa mbele bampa. Zile rasta za barabara ya vumbi zinalegeza nati, kila kilomita 10 shuka ushike habu, ikikuunguza mkono beringi hiyo.

> Shukrani, spana ninazo