Aqua, Fit haibridi au Note e-Power: nichukue ipi?

Kiboko wa Rufiji
Wakuu, habari za muda huu. Kama kichwa kinavyojieleza, nataka kuagiza haibridi (gari la injini ya mafuta na mota ya umeme) kutoka Japani. Nimebakiwa na tatu: Toyota Aqua, Honda Fit na Nissan Note e-Power. Hofu yangu ni gia boksi, nasikia zote ni CVT (gia boksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua) na CVT hazidumu. Nishaurini, nalipia wiki hii.

Mama Pacha
Ngoja wataalamu waje. Nami nipo hapa nasoma.

Mzee wa Spana
Bajeti hujataja, mwaka wa gari hujataja, njia unayopita hujataja. Tukushauri nini sasa?

Dogo Kimara
Aqua. Funga uzi.

Mzee wa Spana
Dogo, tulia. Kwanza turekebishe hilo la CVT. Aqua haina mkanda kama CVT mnazozijua. Ndani kuna gia za sayari: injini inashika kile kibebeo cha gia ndogo, mota jenereta ya kwanza imeshika gia ya jua katikati, na gia ya pete ya nje inakwenda kwenye mota ya pili na matairi. Pete ina meno 78, jua 30, kwa hiyo toki (nguvu ya kuzungusha) ya injini inagawanyika: kama asilimia 72 inakwenda matairini moja kwa moja, inayobaki inazungusha jenereta. Hakuna klachi, hakuna stata, hata rivasi ni mota tu inageuza mzunguko. Toyota wanauza mfumo huu tangu Prius ya 1997. Fit haibridi ya 2013 hadi 2019 ni kitu kingine kabisa: gia saba, klachi mbili, mota moja. Kule Japani Honda waliiita irudi kurekebishwa mara kadhaa ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Msomi wa Magari
Wengi walirekebishiwa programu tu, mzee. Usimtishe mtu. Fit ina nafasi, viti vya nyuma vinakunjwa hadi unapakia friji. Aqua ukimkalisha mtu mrefu nyuma anakaa kama yupo kwenye bajaji.

Dogo Kimara
Kwani anaagiza gari ya kubebea friji?

Binti Mwanza
Naona mnasifia sana hizo gia za sayari, ngoja niwape kisa. Prius ya shemeji iliishiwa mafuta karibu na Chalinze. Akaja fundi mmoja na Land Cruiser, akafunga kamba, akaweka N (gia huru), akavuta hadi mjini matairi ya mbele yakiwa chini. Hakuna aliyemkataza. Matairi yakizunguka, mota ya pili inazunguka nayo, na pampu ya oili inategemea injini, ambayo imezima. Tulipofika kulikuwa na harufu ya kuungua, baadaye gia boksi ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Fundi akasema "ilikuwa mbovu tangu mwanzo". Shemeji akanunua nyingine used, na fundi akalipwa pesa ya kuvuta pia! Mkikwama, itisheni gari ya kubeba.

Mama Pacha
Pesa ya kuvuta alilipwa? Shemeji yako ana moyo.

Mzee wa Spana
Na kwenye foleni msiweke N. Kwenye N jenereta haichaji betri, AC inaila taratibu. Acha D, kanyaga breki. Halafu safisheni kichujio cha feni ya betri, kwenye Aqua kipo pembeni ya kiti cha nyuma. Nafungua, nakuta nywele na unga wa chapati.

Msomi wa Magari
Note mmeisahau. Pale injini haigusi matairi kabisa, inachaji tu, mota ndiyo inavuta. Foleni za mjini ni tamu. Ukikimbiza barabara kuu ndipo faida inapungua, maana injini ya 1.2 lazima ichaji na umeme urudi kuwa mwendo.

Kiboko wa Rufiji
Samahani wakuu, nilibanwa. Bajeti milioni 20 na ushuru humo humo. Mbezi–Posta kila siku, Dodoma kila mwezi, na abiria watano na mizigo.

Dogo Kimara
Watano na mizigo? Aqua?? Si useme mapema!

Mzee wa Spana
Hapo tungeanzia kwingine. Prius Alpha umeangalia? Gia za sayari zile zile, buti ya maana.

Kiboko wa Rufiji
Mama watoto anasema Noah.

Msomi wa Magari
Noah ya petroli au haibridi?

Binti Mwanza
Kuna mtu anauza Passo humu? Ni PM.