Camaro SS 396 au Mustang Mach 1 428, zote za 1969: nichukue ipi?

Mtoto wa Kurasini
Wakuu, heshima kwenu. Niko Columbus, Ohio. Baada ya miaka ya kujinyima, mama watoto ameridhia ninunue gari moja la kale la kutunza. Nimebakiwa na mawili. Camaro ni SS, toleo la michezo, yenye injini ya inchi za ujazo 396; imepakwa rangi upya, buluu, unajiona sura kwenye boneti. Mwenyewe anasema ilitoka kiwanda cha Norwood, hapa hapa Ohio. Mustang ina injini ya 428 iitwayo Cobra Jet, rangi imechoka, viti vimechanika, ila ina ripoti ya Marti, ile hati inayoonyesha gari lilivyotoka kiwandani Ford. Bei zinapishana kidogo tu. Moyo uko kwa Camaro. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Fundi Bawaba
Moyo uache nyumbani siku ya kukagua. Anza na namba ya chasi. Kwenye Mustang ya mwaka huo alama ya tano ndiyo injini: R ni 428 Cobra Jet yenye Ram Air (mfumo wa kuvutia injini hewa ya nje kupitia boneti), Q ni isiyo nayo. Camaro haisemi hivyo. Namba yake ikianza na 12437, maana yake ni V8 ya milango miwili, basi. Iwe na 307 au 396, inaanza vilevile. Ndiyo maana Camaro za kawaida zilizobandikwa beji za SS zimejaa sokoni. Kama ni ya Norwood kweli, namba ina N, na bati lililo kwenye ukuta wa injini litakuwa na X22 au X66, alama za SS 396. Zile za mwanzo wa msimu hazikupigwa alama hizo, hapo utadai karatasi.

Shangazi wa V8
Fundi, usiionee Camaro. Ile bodi ya 1969 ilitoka mwaka mmoja tu, vipuri kibao, na ukitaka kuuza huhangaiki. Mustang nayo ina maradhi yake: pale hewa inapoingilia chini ya kioo cha mbele huoza kwa ndani, macho hayaoni. Mwaga maji pale, kisha ingiza mkono chini ya dashibodi. Ukilowa, jua una kazi ya kuchomelea. Angalia na nyufa kwenye minara ya springi za mbele. Kuhusu nguvu msibishane, Ford waliandika farasi 335 na hakuna aliyewaamini, zilikuwa zaidi.

Mtoto wa Kurasini
Nimempigia wa Camaro. Bati halina X yoyote. Anadai la zamani liliharibika wakati wa kupaka rangi, akaweka jipya. Karatasi za kiwandani hana.

Fundi Bawaba
Bati jipya, rangi mpya, karatasi hakuna. Hiyo inunue kwa bei ya Camaro ya kawaida, au achana nayo. Rangi na viti vya Mustang utatengeneza polepole; historia huwezi kuitengeneza.

Shangazi wa V8
Hapo hata mimi nimenyoosha mikono.

Mtoto wa Kurasini
Jumamosi naenda kwenye Mustang, na jagi la maji.