Mpaka wa Eosini na Oligosini kwenye viini vya Pande, Kilwa

Wakuu, mpaka huu wa vipindi viwili vya kale vya jiolojia tunaupataje kwenye udongo mfinyanzi wa viini (nguzo za mwamba zilizochorongwa)?

— Kwangua kwanza ganda la nje la kiini, kwani tope la kuchorongea huingiza visukuku vya tabaka nyingine. Loweka sentimita 10 za ujazo, osha kwa chekeche la mikroni 63, kausha kwa nyuzi 40. Foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye makombe) wa ukoo wa Hantkenina wanapotoweka ndipo mpaka: miaka milioni 33.9.

— Mkuu yuko sahihi, ila tahadhari na makombe yaliyosombwa kutoka tabaka kongwe: huwa yamechakaa, na hupandisha mpaka kimakosa. Mkibahatika kupata majivu ya volkano, pimeni umri wa zirkoni (chembe ngumu za madini) kwa uwiano wa urani na metali ya risasi. Aminini kundi changa la chembe zenye umri unaoafikiana, si chembe moja.

— Sampuli kila sentimita ngapi?

— Kila mita kwanza. Karibu na mpaka, kila sentimita 10.