Mtoto amemeza kitu cha mviringo: je, eksirei itakitambua?

Mama wa Mbagala: Habari za jioni, wapendwa. Mwanangu wa miaka 2 amemeza ama sarafu ama betri ya rimoti. Je, eksirei itatofautisha?

Muuguzi, Temeke: Pole sana, dada. Kwa kawaida hutofautisha, kwani betri, ikitazamwa kwa makini, huonyesha maduara mawili, moja ndani ya jingine, ilhali sarafu huonyesha ukingo mmoja tu. Tafadhali nenda Muhimbili usiku huu huu, maana betri iliyokwama kwenye umio huweza kuunguza ndani ya saa 2. Usimtapishe.

Baba wa Ilala: Beba na rimoti, daktari aone ukubwa wa betri yake. Kwa wengine wanaosoma: plastiki na mbao mara nyingi hazionekani kwenye eksirei, hivyo mtoto anayechuruzika mate asirudishwe nyumbani kwa sababu picha haikuonyesha kitu.