Prefe achukua dola 30 kwa barua ya chuo, kisha atoa nakala ya mtoto mwingine

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mdogo wangu yuko mwaka wa sita wa sekondari, na anaomba nafasi katika vyuo vitatu vya Marekani kwa kupitia Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi kwa fomu moja. Insha zake zimekwisha. Kilichobaki ni barua za walimu wawili na ile ya mshauri wa shule, na hapo ndipo tulipokwama.

Shule yetu haina mshauri wa namna wanayoifikiria Wamarekani, kwa hiyo jukumu hilo linamwangukia prefe, yaani mkuu wa shule. Nilimwendea mwezi wa Septemba, nikamweleza kwa heshima kwamba hii si karatasi ya kubebwa mkononi: mwandikaji hupokea kiungo kwenye barua pepe yake, hufungua fomu, hupakia barua pamoja na matokeo ya miaka iliyopita, na mwanafunzi kwa kawaida amekwisha kukubali kuiacha haki yake ya kuisoma, ili chuo kiiamini. Alisikiliza, akanituma kwa katibu wake, naye akadai dola 30 za karatasi na muhuri. Karatasi gani, ikiwa kila kitu kinapita kwenye intaneti?

Nililipa, na hilo ni kosa langu. Baada ya wiki tatu nilipewa bahasha yenye ukurasa mmoja na mihuri miwili, umeandikwa kwamba "binti huyu ni mtiifu na mwenye tabia njema". Mdogo wangu ni mvulana. Jina lake limeandikwa juu ya wino mweupe wa kufutia, na ukiiinua karatasi kwenye mwanga unalisoma jina la msichana aliyemaliza mwaka jana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba barua ya prefe ndiyo iliyopaswa kueleza mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua. Mtoto wetu ana asilimia 74, na kwa alama hizo ni wa kwanza darasani. Msomaji wa Marekani, aliyezoea kuona 90 na kitu, atadhani ni mwanafunzi wa kawaida tu, isipokuwa shule yenyewe imwambie jinsi tunavyosahihisha huku kwetu.

Mwalimu wa fizikia naye alimwambia, "Andika mwenyewe, mtoto wangu, mimi nitatia sahihi." Simlaumu sana, maana ana darasa la watoto 58 na mshahara wake huchelewa, lakini mtoto kujisifu kwa jina la mwalimu wake ni udanganyifu unaoweza kumfutia ombi lote. Ni mwalimu wa hisabati peke yake aliyekuja nasi siber, kwenye duka la intaneti, Jumamosi, akaandika kwa Kifaransa jinsi kijana huyu anavyowafundisha wa mwaka wa tano chini ya mwembe baada ya masomo, akakataa hata soda. Tafsiri ya Kiingereza tuliitafuta sisi.

Tarehe 1 Novemba, siku ya mwisho ya maombi ya mapema, ilitupita. Sasa tunaikimbilia tarehe 1 Januari, ya maombi ya kawaida, na kila nikifungua ukurasa wa ombi naona sehemu ya prefe bado ni tupu. Nikienda wananiambia, "Si tulikupa barua?" Aliyewahi kuruhusiwa na chuo cha huko kwamba mwalimu mwingine ajaze sehemu ya mshauri badala ya mkuu wa shule, naomba anieleze alimwandikia nani, na alisema nini.